Musonoi: Kuwapeleka watoto kuwinda kwa gharama ndogo, bila kugongana na sheria wala migodi

KOLWEZI – Shule zikifungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, watoto wa Musonoi wanabaki na likizo ya miezi miwili na mahali pachache pa kwenda. Mtaa huo ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyokuja kuwa Gécamines, na leo umezungukwa na mashimo ya shaba na kobalti. Mtoto wa miaka kumi akitoka nyumbani kwa miguu kutafuta cha kufanya, karieri iko karibu kuliko pori.

Si jambo dogo. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo, wengi wao wakiosha na kuchagua mawe ya kobalti. Likizo ndefu ndiyo majira ambayo mzazi asiye na pesa anashindwa kumzuia mtoto, kwa sababu hana kitu kingine cha kumpa.

Kitu kingine kilikuwepo zamani, nacho hakikuhitaji pesa nyingi. Majira ya baridi, majani yakikauka na njia za wanyama zikionekana, baba au mjomba alimchukua mtoto siku mbili tatu porini. Mtoto alibeba maji, akasoma nyayo, akalala kando ya moto, akarudi na hadithi, na mara nyingine na nyama ya kulia bukari. Inawezekana bado mwaka huu? Inawezekana, ila safari hiyo sasa inataka kupangwa. Na mahali pa kuanzia kupanga si bunduki, ni ardhi.

Ardhi ya Serikali, lakini ipi?

Kwa karatasi, Kongo nzima ni ardhi ya umma. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, kisha sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973, zilisema kwamba udongo ni mali ya Serikali. Mtu angeweza kudhani basi kwamba raia anaweza kuingia pori lolote na mbwa wake. Anayeishi Kolwezi anajua kwamba haiko hivyo.

Kuna kwanza ardhi ya migodi. Huko mtu asiende kuwinda, hata akiona kanga wanatembea kando ya uzio. Juni 27, 2019, udongo uliporomoka katika eneo la KCC, si mbali na Musonoi, ukaua wachimbaji wa mikono wasiopungua 43, na baada ya hapo jeshi lilitumwa kuwaondoa wachimbaji. Tangu siku zile, mtu anayetembea alfajiri na mkuki au gobole karibu na konsesheni hawezi kutegemea kwamba mlinzi ataona ndani yake baba wa watoto aliyeenda kutafuta kwale. Na anayefikiri kwamba akielekea magharibi ataacha migodi nyuma mara moja, akumbuke kwamba Kamoa-Kakula iko kilomita 25 hivi upande huo huo.

Sababu ya pili ya kukaa mbali na migodi ni ya afya. Mabaki ya kiwanda cha kusafisha madini yalijazwa katika bonde la mto Musonoi kwa miongo mingi, kiasi kwamba leo kuna kampuni inayoyachota tena ili kutoa shaba na kobalti iliyobaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima wakaaji wa kartiye ya Kasulo hapa Kolwezi na kuchapisha matokeo mwaka 2018: kobalti katika mkojo ilikuwa juu sana, na kwa watoto ilizidi ya watu wazima. Mnyama anayekunywa maji ya bonde hilo na kula majani yenye vumbi hilo si nyama ya kumpa mtoto.

Halafu kuna hifadhi. Mbuga ya Upemba iliundwa mwaka 1939, na Kundelungu mwaka 1970. Huko kuwinda ni marufuku kabisa, hakuna kibali cha baba wala cha mtoto. Upande wa mashariki ya Kolwezi kuna pia eneo la kuwindia la Basse-Kando, lililo chini ya taasisi ya hifadhi, ICCN. Jina lake linawapoteza watu. «Domaine de chasse» haimaanishi kwamba kila mwenye mshale anakaribishwa. Maana yake ni kwamba uwindaji unaweza kuruhusiwa humo, kwa idhini na kwa masharti. Isitoshe, vibali vya madini vimekwisha kuingia ndani ya mipaka yake, jambo ambalo mashirika ya raia wa Lualaba yamekuwa yakililalamikia miaka mingi. Familia isiyo na mtu wa ICCN wa kuiongoza ipite mbali.

Inabaki ardhi ya vijiji: pori la miombo ambalo wanakijiji wanalitumia kwa makala, uyoga, viwavi na nyama, chini ya chifu wao. Kadiri mtu anavyofuata njia ya reli ya kwenda Dilolo, kupitia Mutshatsha na Kasaji, ndivyo vijiji hivyo vinavyozidi na mashimo yanavyopungua. Hapo ndipo safari ya bei nafuu inapowezekana, na familia nyingi za Musonoi zina shangazi, shemeji au babu upande huo.

Anayewinda ni mwenyeji

Uwindaji nchini Kongo unaongozwa na sheria namba 82-002 ya Mei 28, 1982. Sheria hiyo inasema kwamba hakuna anayewinda bila kibali, na inataja aina kadhaa za vibali: vya kuwinda kama mchezo, vya watalii, vya watafiti. Kwa familia ya kawaida viwili tu ndivyo vyenye maana, kibali cha vijijini anachopewa mtu mmoja, na kibali cha pamoja kinachotolewa kwa ajili ya kijiji ili wakaaji wake wapate nyama ya kula. Hicho cha pamoja kinatumika katika eneo la kijiji chenyewe, si kwingine.

Ukisoma vizuri, hapo kuna jibu la bei. Baba anayetoka Musonoi akitaka kuwinda yeye mwenyewe, atatafuta kibali chake, na akitaka bunduki atakutana pia na sheria ya silaha ya mwaka 1985, ambayo haimruhusu raia kumiliki silaha bila idhini. Ni njia ndefu, na kila ofisi ina kaunta yake. Lakini akiwa mgeni wa mwindaji wa kijiji aliye na kibali, mwenyeji ndiye anayewinda, na familia inamfuata, inatazama na kujifunza. Mtoto hapotezi chochote kwa sababu baba yake hakushika upinde. Kwa kweli anapata zaidi, maana mwenyeji analijua pori na baba wa mjini mara nyingi amelisahau.

Mambo mawili ya kuuliza kabla ya kufunga mizigo. La kwanza ni majira. Msimu wa kuwinda unafunguliwa na kufungwa kwa uamuzi wa gavana wa jimbo, na tarehe zinaweza kubadilika mwaka kwa mwaka. Ofisi ya mazingira ya teritware ndiyo inayojua kama uamuzi wa mwaka huu umekwisha kutoka. La pili ni orodha ya wanyama wanaolindwa, iliyoambatanishwa na uamuzi wa waziri wa mwaka 2004. Mfano mmoja watoto wote wanaujua: kakakuona. Aina zake zote zimo katika daraja la kwanza la mkataba wa CITES tangu mwaka 2017, yaani biashara yake kati ya nchi na nchi imefungwa. Akitokea njiani, anaachwa apite. Sheria ya hifadhi ya Februari 11, 2014 inaadhibu kwa kifungo na faini, na haiulizi kama aliyeua alikuwa katika likizo.

Sheria ya 1982 inakataza pia namna kadhaa za kuwinda ambazo vijijini bado zinaonekana: kuzungushia wanyama moto, kuweka sumu, kumulika taa usiku. Mwenyeji akipendekeza moto, mzazi akatae kwa upole na kwa nguvu. Moto wa mwezi wa nane katika majani makavu haumjui mtoto.

Majirani wamechagua njia tofauti. Kenya ilifunga uwindaji wote mwaka 1977. Tanzania ina vibali vya uwindaji wa wenyeji, mbali na vile vya watalii wenye dola, na imekwisha kuruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Zambia, ambayo iko hatua chache kutoka hapa, imezungushia mbuga zake maeneo ambamo watu wanaishi na uwindaji unaendelea kwa leseni. Kongo iko katikati: sheria inaruhusu, ila karatasi hazifiki kijijini, na mtu wa kijiji anawinda kama mjomba wake alivyowinda, bila kujua kama yuko ndani ya sheria au nje. Ndiyo maana mgeni anauliza kibali mapema, kwa simu, na si siku ya kufika. Kama kijiji hakina, safari inaweza kufanyika vilevile, ila iwe ya kufuata nyayo tu, bila kuua. Watoto wadogo hawaoni tofauti kubwa.

Hesabu ya mfuko

Tuchukue familia ya watu wanne: baba, binti wa miaka kumi na miwili, wavulana wawili wa miaka kumi na minane. Mama anaweza kwenda pia, na mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka dawa. Gharama kubwa hapo ni usafiri. Motari wawili kwa watu wanne na mizigo ni bei ya juu na hatari juu yake. Familia mbili zikijiunga kulipia gari moja la mizigo linalokwenda kuchukua makala, kila mtu analipa kidogo zaidi, na gari lile lile linaweza kuwarudisha. Treni ni rahisi zaidi kwa mfuko, lakini haina haraka, na anayeitegemea asipange kurudi Jumapili jioni kazini Jumatatu.

Chakula kinanunuliwa Kolwezi kabla ya kuondoka: unga, mafuta, chumvi, samaki mkavu, sukari. Kununua samaki mkavu kwa safari ya kuwinda kunachekesha watu, lakini mwindaji mzuri pia anarudi mikono mitupu siku nyingi, na mtoto mwenye njaa hatakuja tena. Nyama ikipatikana, ni ya ziada.

Halafu kuna kile ambacho hakiitwi gharama lakini kinapimwa sana: kufika kwa chifu. Mtu anapiga makofi kama desturi inavyotaka, anasema yeye ni nani, ni mtoto wa nani, amekuja na akina nani na kwa siku ngapi. Anatoa alichokuja nacho, chumvi, sabuni, sukari. Mnyama akipatikana, mwenye ardhi anapata sehemu yake, mara nyingi mguu au kidari, na mwenye mbwa naye hasahauliki. Mgeni anayebishana juu ya mguu wa kabuluku amekwisha kujifungia njia ya mwaka ujao.

Kinachobaki hakihitaji kununuliwa. Blanketi za nyumbani zinatosha, mradi ziwe nyingi: Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa saba porini unauma. Viatu vya kufunika mguu badala ya sandali. Nguo ya rangi kali, nyekundu au ya njano, kwa kila mtoto, hata kama ni kipande cha kitambaa kilichofungwa kifuani, ili mwindaji amwone kati ya majani. Filimbi shingoni. Akipotea, anakaa chini na kupiga filimbi, hatembei kutafuta.

Mtoto anafanya nini porini

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wanapanga safari ya mwanaume mzima na kumbeba mtoto kama mzigo. Mtoto wa miaka minane hawezi kunyamaza saa nne, na kutembea kilomita ishirini kufuata mnyama aliyejeruhiwa si mchezo wake. Saa mbili za asubuhi na saa moja na nusu za jioni zinatosha. Hizo ndizo saa ambazo wanyama wenyewe wanatembea. Katikati ya siku ni ya kuogelea mahali mwenyeji alipoonyesha, kulala na kula.

Kabuluku, yule mbuzi mdogo wa pori ambaye watoto wa Katanga wanamjua kwa ujanja wake katika hadithi za jioni, ndiye mnyama mzuri wa kuanzia masomo. Hajafika kilo 25, anapenda vichaka vilivyo karibu na mashamba, na kwato zake zinaacha alama mbili ndogo zenye ncha, ambazo mtoto anajifunza kuzitofautisha na za mbuzi wa kijiji kwa asubuhi moja tu. Simbiliki anaonekana kwa majani aliyoyakata kando ya maji. Kanga anasikika kabla hajaonekana. Binti wa miaka kumi na miwili akipewa daftari achore kila unyayo na kuandika saa, atatembea mbali zaidi ya kaka zake bila kulalamika.

Kanuni za usalama ni chache na hazina mjadala. Watoto wanatembea nyuma ya mwenye silaha, kamwe si mbele wala ubavuni. Gobole halina risasi ndani wakati wa kutembea pamoja nao, na halilali ndani ya nyumba wanamolala. Mtu mzima mmoja kazi yake ni watoto tu. Huyo hawindi, hata akiona nini. Mbwa wa kijiji hashikwi shikwi, kwa sababu kichaa cha mbwa kipo na chanjo iko mjini. Mashimo hayachokolewi kwa mkono. Nyoka wamepooza kwa baridi asubuhi, na kifutu aliyepooza ndiye anayekanyagwa.

Juu ya nyama yenyewe kuna jambo ambalo Mkongomani hapaswi kulichukua kwa wepesi. Mgonjwa wa kwanza wa mpox aliyejulikana duniani alikuwa mtoto mdogo wa Basankusu, katika Équateur, mwaka 1970. Mwezi wa nane mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa, na Kongo ndiyo iliyoumia zaidi. Virusi vinaweza kutoka kwa wanyama wa pori, hasa wa jamii ya panya na kindi. Kwa hiyo mnyama aliyekutwa amekufa haguswi. Aliyewindwa anachunwa na mtu mzima asiye na kidonda mkononi, watoto wakiwa pembeni, mikono inaoshwa kwa sabuni, nyama inapikwa mpaka ndani. Watoto wanaruhusiwa kuuliza maswali yote wanayotaka, hata yale ya kusikitisha. Wengine watalia wakimwona kabuluku amelala. Asilazimishwe mtu kula.

Jioni, moto ukiwaka, wazee wana kazi yao. Nchi hii ilijengwa na wawindaji, angalau ndivyo inavyosimuliwa. Waluba wanaye Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyetoka mashariki, baba wa Kalala Ilunga. Walunda na Wachokwe wanaye Chibinda Ilunga, mwindaji aliyemwoa malkia Ruwej. Na Bayeke wa Msiri, waliotawala Bunkeya, jina lao lenyewe linatokana na chama cha wawindaji wa tembo. Mtoto wa Musonoi anayejua majina ya kampuni zote zinazopita na malori mbele ya nyumba yao anaweza kusikia majina hayo kwa mara ya kwanza akiwa amefunikwa blanketi, miguu ikielekea moto.

Siku ya kurudi, anayebeba kipande cha nyama abebe pia maandishi ya kijiji yanayosema ni mnyama gani, nani aliyemwinda na kwa kibali kipi, maana barabarani kuna vizuizi na nyama isiyo na maelezo inageuka kuwa nyama ya askari. Ikiwa kidogo, ni bora iliwe yote kijijini. Gari la makala linafika Kolwezi kabla ya giza, watoto wakiwa weusi kwa vumbi la makala. Shule inafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa. Daftari la nyayo linaingia katika mfuko wa shule pamoja na mengine.